Madereva Wawili Ndani ya Pampu Yangu

Jumanne. Kitengela imekauka, upepo ni vumbi tupu, na mimi niko na hasira tangu asubuhi.

Pampu ya sola imegoma tangu jana. Inawaka, inapiga kelele, inazima. Ng'ombe zangu zimesimama kwa birika zikinitazama kama mimi ndio nimekunywa maji yao. Tatu ziko na mimba. Kisima kingine kiko mbali, na hizo tatu hazitafika.

Fundi alikuja kutoka Nairobi, viatu safi. Akafungua kile kiboksi kinachoendesha pampu, kompyuta ndogo tu, akatingisha kichwa. "Mzee, shida ni clock." Nikamwonyesha mkono. Saa yangu haijawahi kuchelewa! Akacheka. Akasema si saa ya mkono, ni mapigo, kila kitu ndani ya kiboksi kinafuata mapigo. Basi rekebisha, nikamwambia. Akasema nitafute kiboksi kipya, akaenda kutafuta nyama choma.

Na huyo ndio amesoma.

Nikampigia Nasieku, msichana wangu wa mwisho, anaishi Nkoroi. Kazi yake ni kuandika madereva ndani ya kompyuta, yaani programu za kuendesha mashine. Hiyo kazi nimeidharau miaka yote na sijaacha. Dereva anaandikwa? Dereva ni mimi. Nimeendesha lori la maji mpaka Namanga barabara ikiwa mawe, na Kajiado nzima hakuna aliyenipita.

Akaja, akaunganisha kompyuta yake, akakaa kwa vumbi, akanieleza. Ndani kuna dereva wa pampu na dereva wa kamera, ile nilitaka iwekwe nione ng'ombe kwa simu. Wote wanachukua mapigo mahali pamoja. Kamera ikitaka picha safi, dereva wake anaomba mapigo yaongezwe, na yanaongezwa. Dereva wa pampu haambiwi kitu. Anaendelea na hesabu yake ya zamani, mota inazunguka kama imeingiwa na pepo, halafu inajizima isiungue.

Nilitema mate. Madereva gani hao? Kwa lori langu injini ilikuwa moja, inavuta gari na inazungusha pampu. Ukikanyaga mafuta ovyo wakati unamwaga maji, unapasua mpira wa maji. Hata turnboy, yule utingo, anajua.

"Papa, ukimaliza kutukana niambie niendelee."

Nikaketi kwa jiwe. Si kwa sababu yake. Jua lilikuwa kali.

Akasema dereva wa pampu anaweza kuyashikilia mapigo, mwingine asiyaguse mpaka pampu ipumzike. Lakini picha za kamera zitakuwa za kurukaruka. Nichague.

Sasa, kule Matasia kwa wazee wenzangu, mimi pekee ndio natoa boma nzima mfukoni. Nikitoa simu wananyamaza. Nikamwambia Nasieku atafute njia nyingine, kwani alisomea nini? Nyuma yake ng'ombe moja yenye mimba ikapiga magoti, ikalala.

Shikilia, nikasema.

Maji yalitoka jua likishuka. Nilisimama nikisikia ng'ombe zikivuta maji.

Nikienda Matasia wale wazee wataona ng'ombe zangu zikiruka kwa simu kama vyura, na watacheka. Wacheke. Hata mapigo ni nini hawajui.

Zimekunywa.