Simba haiingie mu alama kadogo

Mama Wabiwa, bibi yangu wa ng'ambo,

Hii barua mi nasema, Riziki anaandika. Ni yule binti ya dada yangu, ulimuacha akinyonya. Leo iko mama ya batoto batatu na ananikatalia mambo. Tuko mu chumba yake ya ordinateur, ile kompyuta, hapa hapa muji ya Baraka.

Alitengeneza site kwa internet, ya bantu ba huku benye vita ilitawanya, bapate kujuana. Akaniomba picha ya kugeuza alama, ile kapicha kenye kukaa kule juu pembeni ya jina ya site, kadogo kama kucha ya mutoto. Angemuomba nani mwengine? Fundi ni miye! Mitumbwi yote ya huku, ni mukono yangu ilipaka alama yao.

Nikatoa ile picha yetu ya photographe: miye na koti ya kuazima, we umekasirika sababu nilikukanyaga kidole. Riziki akaipunguza, akaipunguza. Tukageuka inzi mbili mu mafuta ya mawese.

"Mujomba, kwa kadogo vile uso haionekane. Toa vyote, acha kitu kimoja."

"Nitoe nini? Miye nilikuwa muzuri fasi yote!"

"Basi uzuri yako haiingie humu."

Pale njo nikakukumbuka. Unajua ile simba nilipaka kwa mutumbwi wetu? Na meno, na sharubu, siku tatu za kazi! Bantu bakaja kunipongeza kama nimezaa. Asubuhi tukarudi na samaki. Bamama bote bakajua mutumbwi wa bwana yao, we peke yako ukasimama na beseni, haujui niko wapi. Nilipofika ukasema mbele ya bantu: "Ile simba yako, kwa mbali ni mavi ya bata. Mutumbwi ya mbali ni kitu kidogo. Paka duara moja ya njano, na mustari moja mweusi katikati, basi."

Nilinuna siku mbili. Nikapaka. Toka pale, ulikuwaka wa kwanza kushuka kwa maji.

Bantu nilibaambiaka ni akili yangu. We sikukuambiaka kama ulikuwa na haki.

Halafu vita ikaingia, masasi ikalia. Nilikutia mu mutumbwi wa jirani, mutoto wetu Wabiwa mugongoni kwako, nikasema, "Endeni, nabeba mama yangu nakuja." Mama alikuwa hawezi kutembea mbio. Tulipofika kwa maji, hakukuwa mutumbwi hata moja, hata wetu.

Mumoja anasema uko Tanzania, mwengine anasema balikupeleka inchi ya baridi. Miye nahadithia bantu kama ulinitumia salamu mara kumi. Uongo. Hata moja.

Leo Riziki aliondoa ile picha yetu, akachora duara yako. Ikakuwa kama kucha, na inaonekana! Nimekaa nayo toka asubuhi. Kwa nyumba hakuna wa kunijibu. Nasonga bugali ya muntu moja, na kila siku inabakia.

Kama simu yako, ama ya Wabiwa, itaonyesha kale kaduara, ujue niko muzima, na sikuoa. Riziki anasema kule ndani ya site kuna fasi ya kuandika neno. Usiandike mingi. Unichekelee tu kidogo, unitukane hata mbele ya bantu. Nitajua ni we.

Bwana yako,
Baba Wabiwa