Miti Uliyoipaka Rangi

Mpendwa mdogo wangu Neema,

Mwangaluka. Salamu zako za chuoni nilizipata. Mayu, mama mkwe wangu, bado anakuulizia. Unakumbuka alivyokuwa akikusalimia mara tatu asubuhi moja, ili tu akusikie ukiitikia Kisukuma kwa lafudhi ya Moshi? Mwandiko uvumilie, Kulwa amelala lakini Doto ananyonya.

Siku gari la mradi lilipokuleta hapa Dutwa, walituambia wameajiri wanafunzi wa mazingira, wa shahada ya pili, wafanye kazi miezi ya likizo. Mimi wa darasa la saba niliogopa utadai kitanda. Ukalala mkekani na Doto, ukala michembe, viazi vyetu vya kukausha, mpaka Baba Kulwa akasema msomi huyu atatumalizia akiba. Ukambeba mtoto mgongoni hadi kwenye ngitili, yale malisho yetu tunayoyafunga masika ili ng'ombe wapate chakula kiangazi. Futi ya kupimia mkono huu, kopo la rangi mkono ule. Kila mti mkubwa wenye afya ukautia alama nyekundu. Uliniambia hiyo ndiyo unayoihesabu, ndiyo ya kutunzwa, isiguswe.

Uliniambia mimi. Ulitaka ukaseme na kwenye mkutano wa kijiji, lakini bosi wako akasema likizo ni fupi, watakuja kueleza baadaye.

Hawakuja. Gari likakuchukua, na Masanja, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, akaanza. Alisema, "Ng'ombe akishapigwa chapa ana mwenyewe. Mti je?" Hakuna aliyecheka. Niliwaeleza ulivyoniambia, wakasema mgeni alilala kwangu, lazima nimtetee. Kiwanda cha pamba cha ushirika tuliamka tu tukasikia kina tajiri wake. Tukaambiwa ndiyo soko huria. Sasa ngitili nayo ingeshindikana kuuzwa? Watu wakaona afadhali wafaidi wenyewe kabla mwenye chapa hajaja kuichukua. Wakakata yenye rangi kwanza, Neema. Ile ile uliyoichagua ibaki.

Upande wa korongoni vimebaki visiki, nyasi zimeungua kwa jua. Ng'ombe wetu wa maziwa anarudi jioni tumbo limebonyea, na maziwa yangu mimi hayatoshi wawili. Juzi Baba Kulwa naye alikuwa ananoa shoka. Nikamuuliza la nini. Akanijibu bila kunitazama, "Mama Kulwa, nisubiri wenzangu wamalize?" Alipokwenda kunywesha ng'ombe nikalificha chini ya pamba. Analitafuta mpaka leo, na mimi namsaidia kulitafuta.

Watu wa mradi wametuma neno kwamba likizo hii wanaleta wanafunzi wengine, nimwandalie mmoja mahali pa kulala. Nimekataa. Si kwamba nawachukia. Mgeni yeyote akishika brashi hapa sasa, hata iliyobaki itakwisha. Nimewaambia aje kwanza yule wa kwanza.

Unajua anachofanya Mayu? Anachota mavi mabichi zizini, anakwenda nayo ngitili, anaipaka ile miti iliyobaki juu ya rangi yako ili watu wasiione. Anarudi mgongo unamuuma, mikono inanuka, anasema amemvika nguo mtoto wa Neema. Yamekauka vizuri. Lakini mvua ya kwanza itayaosha, na rangi yako, mdogo wangu, naijua. Ilinidondokea kwenye kanga, nimeifua mpaka leo haijatoka.

Kwa hiyo njoo kabla ya mvua. Simama mkutanoni useme kwa kinywa chako alama ile ilikuwa ya nini, Masanja akusikie. Sikuiti uje kuomba radhi, hujamwibia mtu. Nakuita kwa sababu ulilala kwangu, na mtu aliyelala kwangu hawezi kuishia kunitumia salamu.

Ukishuka kwenye basi utatukuta mimi na Doto. Anatembea sasa, hakuna wa kumbeba.

Mkeka wako upo.

Dada yako,
Mama Kulwa