Wimbo Uliopitia Daraja Mbili

Jumatatu, 2 Juni 2025

Amefika! Saa nne asubuhi, viatu vimejaa tope, kompyuta kaifunga kwenye mfuko wa plastiki kama mkate. Salha Jamaldini, miaka ishirini na minne, wa Daraja Mbili. Shikamoo Mwalimu, shikamoo, mara mbili kwa woga. Kumbe kapanda kwa miguu tangu hospitalini kule chini, bodaboda aliona itamwangusha kwenye utelezi.

Basi nimekuwa mlezi. Mimi! Kuna mfuko wa fedha wa kusaidia watunzi chipukizi, unamlipa atunge muziki wa dakika nane wa orkestra, wapigaji arobaini, utapigwa mjini mwezi wa nane. Kila mtunzi anapewa mtu mzima wa kumwongoza. Niliwaambia kwenye simu sijawahi kuandikia violini hata moja, mimi ni wa kwaya, nota zangu ni do re mi. Wakasema ndiyo maana wananitaka. Nikakubali upesi mno. Nyumba hii haijasikia muziki tangu mume wangu Mikaeli afariki, mwaka wa nne sasa.

Alhamisi, 5 Juni

Sijui nianzie wapi. Salha kanisikilizisha kazi yake kwenye kompyuta. Violini za mashine, zinalia kama mbu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumsema. Halafu tarumbeta likaingia peke yake – na ulikuwa wimbo wa mume wangu.

Si kufanana. Ndio wenyewe! Ule alionipigia mwaka themanini na saba, amesimama kwenye migomba ya baba yangu, kabla hajathubutu kuleta posa. Ule aliokuwa akiupigia mluzi akichuma kahawa. Nikamwambia Salha naenda kuangalia kuku. Nilisimama bandani mpaka kuku wakanishangaa.

Niliporudi nikauliza, kwa sauti ya kawaida, huo wimbo kautoa wapi. Akasema ni wa marehemu baba yake. Baba alikuwa fundi wa kulehemu, akitengeneza matarumbeta ya makanisa, na kila akimaliza moja alilijaribu kwa wimbo huo. Kazi yote kaitunga kwa ajili yake.

“Hakuniachia kitu kingine, Mwalimu.”

Fundi Jamaldini! Namkumbuka jina tu. Mikaeli aliongoza matarumbeta ya usharika wetu miaka ishirini na sita, na ndiye aliyekuwa akishuka kwa fundi huyo na tarumbeta ndani ya mfuko wa unga.

Ijumaa, 6 Juni

Hasira. Sina hata wa kumkasirikia, wote wawili wamekufa.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Salha kanitumia pilau kwa bodaboda, hotpoti nzima, na kachumbari pembeni. Nimekula yote. Tamu! Inaniudhi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Matarumbeta yamepiga, siku hizi anaongoza Philemoni, kila kitu mbio mbio kama wanakimbizwa. Wimbo ule hawaujui. Mikaeli hakuwafundisha. Miaka yote nilijisifu moyoni kwamba ni kwa sababu ulikuwa wangu.

Nimepita makaburini. Jina lake liko kwenye ule msalaba na si mahali pengine popote. Nyimbo kumi na kitu alitunga, kwaya zinaziimba mpaka kule kijijini Kikwe, na ukiuliza ni za nani unaambiwa ni za zamani tu. Sitaki na huu uende hivyo hivyo. Sitaki!

Jumatano, 11 Juni

Barua ya mfuko imekuja kwenye simu. Mlezi aweke sahihi kwamba nyimbo zote zilizomo ni za mtunzi mwenyewe, au zitajwe ni za nani. Mwisho Ijumaa ya tarehe ishirini. Kazi itakayokutwa na wimbo wa mtu ambaye hakutajwa inaondolewa kwenye onyesho.

Salha ameshaichapisha fomu na kujaza upande wake. Wimbo mkuu ni wa Jamaldini Abdulhalim, baba wa mtunzi. Kaandika kwa herufi kubwa. Nikamwambia kalamu yangu imeisha wino. Akatoa yake. Nikasema sioni miwani. Uongo gani huu, mtu mzima!

Tukarudi kwenye violini. Ana sikio, huyu mtoto. Nilimwambia ziliachie tarumbeta nafasi ya kupumua, akafuta nusu ukurasa bila kununa. Mikaeli angempenda. Na mimi – basi tu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimelipata daftari. Chini kabisa ya sanduku, limefungwa ndani ya joho lake la kwaya. Mwandiko wake ule wa kulala. “Kwa Anneth,” yaani mimi, 3 Mei 1987, halafu do re mi zake. Nimelia sana, nikajisikia vizuri. Ushahidi ninao!

Nikauimba kutoka kwenye karatasi. Unaishia katikati. Mistari miwili, kisha wino unakoma, ukurasa mtupu. Kwenye migomba ile alinipigia nusu! Na mimi naujua mzima, mistari minne. Ule wa tatu, unaopanda pale moyo unapotegemea utashuka, haumo kabisa.

Nimejaribu kukumbuka lini nilianza kuusikia mzima. Pengine baada ya mwanetu Elinaza kuzaliwa. Wakati ule tarumbeta la Mikaeli lilikuwa likiharibika kila mwezi, na kila mwezi tuligombana. Nilimwambia alitupe.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeshuka Daraja Mbili kumwona mama yake Salha. Salha mwenyewe alikuwa mjini kwenye mazoezi, na ndivyo nilivyotaka. Mama huyo, Mwamvua, kanipokea kama ndugu, chai ya tangawizi, vitumbua. Nikaanzia mbali. Nikasema marehemu mume wangu alikuwa mteja wa fundi, yule wa tarumbeta bovu bovu.

Akacheka mpaka akajishika mbavu.

“Bovu wapi, Mwalimu! Lile lilikuwa zima. Wanakaa karakana tangu asubuhi, huyu anapiga, yule anamwambia siyo hivyo, rudia. Kazi za watu zimelala! Nikimsema mume wangu, ananijibu, ‘Subiri kidogo, mama, kuna kitu namsaidia Mikaeli kukimalizia. Cha mkewe.’”

Cha mkewe.

Nikauliza kama Salha anajua. Hajui, hata hakuwa amezaliwa. Mwamvua kasema mtoto analilia cha baba yake, amnyang'anye ili iweje? Nikala kitumbua kingine.

Nimerudi nyumbani nina wivu, katika umri huu. Wimbo wangu ulimalizwa na mwanamume ambaye sikuwahi hata kumpa mkono. Na nilimgombeza mume wangu kwa kunitengenezea zawadi. Angeniambia tu! Nisingemcheka.

Ningemcheka. Nimemkumbuka leo kuliko siku ya mazishi.

Alhamisi, 19 Juni

Baridi, ukungu, mlima hauonekani. Nimeandika sahihi yangu kwenye karatasi za kujaribia.

Ijumaa, 20 Juni

Fomu iko mezani. Salha kafika saa tatu. Tumekunywa chai. Nikimwambia, nampunguzia baba. Nisipomwambia, Mikaeli anabaki na msalaba wake tu. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu alfajiri, nzuri, ya kiualimu.

Kaniuliza kama miwani imeonekana. Anajua! Ana adabu tu.

Hotuba yote ikanitoka. Nimempa daftari. Sasa naandika hapa mezani ili nisimtazame. Amekaa mlangoni penye mwanga. Amesoma “Kwa Anneth,” akaniangalia, akasoma tarehe, akaniangalia tena. Namwona kwa pembe ya jicho tu.

Anafuatisha do re mi kwa kidole, anaimba chini chini. Ameutambua. Mstari wa kwanza. Wa pili. Kidole kimefika pale wino unapokoma, kimesimama.

Yeye hajasimama. Anaingia wa tatu, ule wa baba yake, anapanda nao, macho amefumba, kidole bado kiko kwenye karatasi tupu –