Meli Nyuma ya Cédric

Durban, 9 Agosti 1998

Yaya Marie-Jeanne,

Barua hii usome peke yako, mama asiwe karibu. Mimi niko, kazi ya saluni iko, ila baridi ya mwaka huu imetutesa.

Umeandika kwamba mama anauliza kwa nini meli za Uingereza zingali na matanga. Yaya, ile photo ya mdogo wetu mliyotundika sebuleni tuliipiga hapa hapa saluni. Meli ile na bandari yake ni mchoro wa zamani, uliachwa ukutani na mpangaji wa kwanza. Cédric aliusogelea mpaka fremu isionekane. Alisema mama akiamini amefika Ulaya, atalala vizuri. Nikacheka, nikapiga.

Hakufika popote. Alikuwa analinda magari ya watu hapa mjini, kwenye mvua, mpaka mapafu yakamshinda. Alifariki Alhamisi. Jana tumemzika.

Mama alifurahi sana kuona mtoto wake ana koti zito. Lilikuwa la Doudou, mwenye saluni. Nilipomrudishia kabla ya mazishi, alikataa kulipokea.

Mwambie mama koti analo.

Mdogo wako,
Carmel