Divai ya Kutema

Najma, Doha
Ijumaa jioni

Mama yangu,

Goti linaendeleaje? Na Baba, ameanza kumeza dawa zake za presha ama bado anasema ni njama za daktari? Mimi mwili ni mzima, kazi ya wodini inasonga. Ningepiga simu, lakini kwenye simu utanikatiza katikati, na jambo hili nataka ulisikie lote. Barua atakuletea muuguzi mwenzangu anayekuja likizo kesho.

Ni kuhusu ruracio, hiyo siku ya kuletewa mahari yangu. Najua wazee wa kina Kennedy wanakuja kwetu sikukuu ya Idi na pombe yao ya muratina, na wewe umeshaalika kanisa zima. Sasa msikie huyo mkwe wenu.

Ijumaa iliyopita, baada ya ibada kanisani kule Mesaimeer, alinikalisha na marafiki zake wawili akafungua laptopu. Nikadhani ni tiketi za Nairobi. Kumbe ni ramani ya Georgia, nchi ya milima, mwendo wa saa tatu hivi kwa ndege kutoka hapa. Wamepanga kukodi gari wazunguke mashamba ya zabibu siku tano, wakionja divai. Kwa likizo ile ile ya Idi, likizo tuliyoiomba miezi minane iliyopita ili tuje nyumbani.

"Na ruracio?" nikamuuliza.

"Babe, usipaniki. Hiyo tutafanya na video call. Binamu yako Wanja ataonja pombe kwa niaba yako, wewe utatingisha kichwa tu kwa simu. Siku hizi watu hufanya hivyo."

Yaani Baba asimame mbele ya watu, ashike pembe, aniulize, "Mwanangu, pombe hii ninywe?" nami nimjibu kutoka shamba la zabibu, mtandao ukikatika-katika! Halafu Wanja akionja yeye, si ndiye ataolewa?

Na unajua wananitakia nini huko? Niendeshe gari. Wao watatu watakuwa wanaonja, na mwenye leseni ni mimi, maana Kennedy mtihani wa udereva wa hapa ameanguka mara tatu. Mkufunzi akimwona anakuja anashika kichwa.

Wacha nikwambie huo uonjaji wenyewe. Mtu anazungusha glasi, ananusa, anajaza kinywa, anasukutua kama anayepiga mswaki, kisha anatema kwenye ndoo. Anatema, Mama! Baadaye anatangaza kwamba divai ina ladha ya ngozi na moshi. Kennedy, aliyekulia nyumba ya mbao akinywa uji, leo anapanda ndege kutafuta ladha ya moshi. Si angebaki tu jikoni kwa mama yake? Ule msemo wa maskini akipata siumalizii, kwa heshima yako.

Leo walikuja kwangu kufanya mazoezi. Ndiyo, mazoezi, kwa juisi ya zabibu ya duka la hapo chini, kwa sababu divai yenyewe huku haiuzwi ovyo. Wiki hii nilikuwa nimemwambia mara mbili kwamba mimi naenda nyumbani, naye mara mbili akanijibu niache ushamba. Akanimiminia yeye mwenyewe. "Onja vile nimekufunza," akasema. Nikazungusha glasi, nikanusa. Nikaweka mdomoni nikimwangalia machoni, kisha nikatema yote ndani ya ndoo na kumrudishia glasi yake.

Akapiga makofi. "Mnaona?" akawaambia wenzake. "Mtoto ameshika!"

Kijana wa Kikuyu, ameposa, na hajui msichana akitema alichomiminiwa amesema nini. Nimemkataa mbele ya mashahidi wawili naye ananishangilia. Inaniuma, sitakuficha, miaka mitatu si siku tatu. Lakini sirudi nyuma.

Mwambie Baba awapigie wazee wao simu mapema, kwa adabu, wasichachushe pombe bure. Wao hawana kosa. Mimi Idi nakuja vilevile, peke yangu.

Nisalimie kaka mwalimu na wanafunzi wake watundu, shangazi wa dukani, na nyanya, umshike mkono kwa niaba yangu.

Kesho wanarudi hapa kuchagua hoteli. Hapo nitamwambia Kennedy kwa maneno, polepole, kama ninavyosema na mgonjwa anayezinduka.

Mimi binti yako, na bado niko kwenu,
Wairimu