Wanawake Waliompa Maji

Changamwe, Jumapili, 1946. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu umelowa kuliko makuti ya paa.

Mimi ni mtu wa kujisifu, shajara yangu wanijua. Aden nimefika, Bombei nimefika, Durban nimekula samaki wao nikawaambia hawajui kupika. Hapa mtaani huniita Nahodha, ingawa melini nilikuwa mpishi, tena msaidizi wa mpishi. Shule niliiacha darasa la nne. Lakini kusoma? Wallahi najua kusoma!

Na kitabu changu ni kimoja, kile cha Mzungu aliyepotea nyikani akitafuta njia ya kurudi kwa mamake. Kimetiwa katika Kiswahili kitamu, utadhani kimezaliwa Mvita. Jalada limekwisha kutoka, hata aliyekitunga simjui. Wakati wa vita, tukiogopa meli yetu kuzamishwa, kitabu hiki ndicho kilichonipa usingizi. Nakipenda kama ndugu.

Jumamosi alasiri makuli wakitoka bandarini huja barazani kwangu nikawasomea. Sisomi tu, naigiza. Mzungu ana sauti yake, punda wake ana yake, na wale washenzi wa kitabuni nimewapa sauti ya puani. Watu hushika mbavu. Mtu wa pwani hucheka akidhani washenzi ni watu wa bara. Wa bara hucheka akidhani ni watu wa mbele huko zaidi.

Kila mtu ana mshenzi wake.

Jana rafiki yangu Nyamawi, tunayebeba naye magunia, alikuja na mamake aliyetoka Kaloleni kumtembelea. Mama mtu mzima, amevaa hando yake nyeupe, ile sketi ya marinda mengi ya mama wa Kigiriama. Tukamkalisha mbele.

Nikafika pale Mzungu anapoanguka kwa kiu, na wanawake wa kijiji wanamnywesha maji. Kitabu kinasema wamevaa visketi vya marinda, na wanarukaruka kama nyani kwa kumwona. Nikasimama. Nikashika kiuno, nikaruka, nikatoa ile sauti ya puani.

Kicheko! Halafu mmoja akamtazama mamake Nyamawi. Halafu wote. Mama naye akacheka, kile kicheko cha mgeni asiyetaka kuharibu shughuli ya watu.

Nyamawi hakucheka. Alimshika mamake mkono, wakaenda zao.

Durban Wazungu waliwahi kuniinua kwenye benchi lao na kuniita nyani. Nilirudi melini nikalia nyuma ya jiko, sikumwambia mtu. Neno lile lile, jana nimelitia chumvi ili watu wacheke.

Leo nimechukua sukari kidogo, na kitabu kwapani, nikaenda nyumbani kwa Nyamawi katika mvua hiyo hiyo. Nyamawi alikuwa mlangoni.

"Umekuja kuturukia tena, Nahodha?"

"Nimekuja kumwomba mama radhi."

"Mwombe yeye. Mimi niache kwanza."

Nikamwamkia mama, nikasema yangu, ulimi mzito kama nanga. Akanikatiza.

"Yamekwisha, mwanangu. Yule mwenye kiu, alifika kwa mamake?"

Nikamwambia bado kurasa chache.

"Na wale wanawake waliompa maji, majina yao nani?"

Nikafungua kitabu. Punda ana jina. Mbwa aliyeachwa Ulaya ana jina. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma.

"Hayakuandikwa, mama."

"Wakampa maji, asiwaulize majina?"

Hakuwa na hasira. Alishangaa tu. Na mimi, mwenye maneno ya kuuza sokoni, nikapekua tena ule ukurasa wa maji.

"Soma," Nyamawi akasema. "Anzia hapo penye maji. Soma yote."

Nikasoma yote, hata pale pa kuruka kama nyani, kwa sauti niliyozaliwa nayo. Hapakuwa na cha kuchekesha. Wanawake wamemnywesha maji mtu wasiyemjua, basi. Na Mzungu alipofika kwa mamake, mama wa Kaloleni akajifuta macho.

Mtunzi aliyejua kumlilia mama mmoja hivyo, aliwezaje kutowaona wale wengine?

Bado nakipenda. Naona haya kukipenda, na bado nakipenda. Jumamosi nitakisoma tena, bila sauti ya puani. Wanaotaka kucheka nitawasimulia nilivyopotea Bombei nikiwa na ramani mkononi.

Nilipoaga, Nyamawi alijifunika gunia kichwani akanisindikiza mpaka njia kuu. Pale akasimama.

"Jumamosi mama atakuwa amesharudi kwao."

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Nitaona."

Akageuka. Nitaona, amesema. Hakusema la.