Chipo na Smoki Wamekataa Kula

Jumatano, katikati ya Juni. Mtaa wa Huruma.

Baridi ya leo imeingia mpaka kwa mifupa. Manyunyu tangu asubuhi, nguo za juzi bado zinadondosha maji kwa kamba, na mimi siwezi kutulia. Nimeketi, nimesimama, nimeenda kuangalia tanki, nimerudi. Mama Nekesa ameniambia nitatoboa sakafu ya wenyewe.

Wacha niseme mara moja halafu nipumue. Chipo na Smoki wamekataa chakula siku tisa, na mwenyewe anarudi Ijumaa kwa mapumziko ya katikati ya muhula.

Mwenyewe ni Nekesa, binti yangu. Chipo na Smoki ni aksolotli wake. Kama hujawahi kuwaona, ni wanyama wa majini, urefu wa kiganja na kidogo, miguu minne, vijidole kabisa, na matamvua ya kupumulia yametokea nje ya kichwa kama manyoya. Majirani wanawaita mijusi ya maji. Mama yake alikuwa akifanyia kazi familia moja huko Lavington, na walipohama nchi wakamwachia Nekesa tanki, hao wawili, na mkebe mkubwa wa punje zao za chakula. Majina aliwapa yeye, ya vitu vinavyouzwa hapa chini barabarani, chipsi na soseji. Chipo ni mweupe, Smoki ni wa kahawia.

Muhula huu nilimtoa shule ya kutwa nikampeleka bweni. Hakutaka. Alilia siku tatu, mwishowe akakubali kwa sharti moja, kwamba niwatunze hao wanyama mpaka arudi. Nikaahidi. Nikashika hata Biblia, kwa mzaha, lakini yeye hakucheka.

Mkebe ukaisha. Wiki ya mwisho nilikuwa nawapimia punje mbili mbili, halafu duka linaloziuza likaniambia hazitakuja tena. Nikasema, ah, chakula? Mimi? Mimi ni mtu wa soko la Kiamaiko, miaka kumi na sita nakata nyama ya mbuzi. Nusu ya Huruma imekula kutoka kwa mkono huu. Nishindwe na mijusi miwili?

Nimeshindwa.

Nilianza na maini ya mbuzi, laini, vipande vidogo kama punje za mahindi. Smoki alichukua kimoja akakitema. Chipo hata hakugeuka. Maji yakaanza kunuka nikabadilisha yote. Kesho yake nikaloweka omena, vile visamaki vikavu. Wapi! Halafu nikasoma kwa simu kwamba hupenda minyoo, na nikafurahi sana, kwa sababu minyoo ni kitu tunacho. Nyuma ya soko la mbuzi kuna lundo la mavi la tangu zamani, ukichokora kidogo tu unapata minyoo myekundu imejaa kama tambi. Nikajaza mkebe wa mafuta ya kupikia. Wenzangu kazini wakaanza kuniita daktari wa mijusi.

Smoki alimdaka wa kwanza kwa kasi, nikapiga makofi. Kisha akatikisa kichwa kama mtoto aliyepewa dawa, akamtema, akarudi nyuma mpaka kona. Chipo vivyo hivyo. Nikajaribu tena jioni, na kesho yake, na kesho kutwa.

Hapo nikakasirika, na hii ndiyo sehemu sikutaka kuandika.

Nilisema wanaringa. Nikasema akosaye la mama hata la mbwa huamwa, wakae na njaa mpaka wakome. Ndivyo nilivyolelewa. Kwa baba yangu ukikataa mboga mchana unawekewa ile ile jioni, na asubuhi unaikuta inakungoja. Basi siku nne nikawapa minyoo ile ile, wakitema naitoa naweka mingine, na nikawa hata siwaangalii vizuri. Ubaya wa hawa wanyama ni kwamba mdomo wao umeumbwa kama wanatabasamu. Wana njaa, wanatabasamu. Jana ndiyo nimemwangalia Chipo nikaona kichwa kimekuwa kipana kuliko tumbo.

Na Jumapili, katikati ya hayo yote, Nekesa alipiga kwa simu ya mwalimu. Wanapewa dakika chache tu. Swali la kwanza, "Baba, wanakula?"

Nikasema, "Wanakula mpaka wamenenepa."

Nikamsikia akivuta pumzi. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba yeye chakula cha huko, mahindi na maharagwe kila siku, kinamshinda, githeri haishuki. Nikamjibu, "Usiringe, utazoea." Dakika zikaisha.

Leo nimetoka kazini mapema na Mama Nekesa akaupata mkebe wangu. Nilikuwa nauficha nyuma ya mtungi wa gesi, maana najua angesema nini kuhusu minyoo kukaa jikoni kwake. Ameufungua, amenusa, ameusukuma mbali na uso.

"Hawa umewatoa wapi?"

"Kiamaiko. Kwa mavi ya mbuzi."

"Baba Nekesa! Kwani wewe hukuvua samaki ukiwa mtoto? Mnyoo wa mavi ni mchungu, hata kambare humtema!"

Amecheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikumbuka. Nimezaliwa karibu na Mto Nzoia. Chambo tulikuwa tunachimba chini ya migomba, kwa udongo mweusi wenye unyevu, na ukileta mnyoo wa zizini kaka yangu anakuzaba kofi. Yule ukimbana anatoa maji ya manjano yananuka, samaki hamgusi. Nilijua hayo kabla sijajua kusoma! Miaka ya Kiamaiko imenifanya nidhani kila kitu kizuri hutoka kwa mbuzi.

Kwa hivyo hawakuwa wanaringa. Walionja, wakaona ni kichungu, wakatema. Mimi nikawarudishia kile kile siku nne na nikawatukana juu yake.

Nikaenda kanisani, na si kuomba. Nyuma ya jiko la kanisa letu kuna migomba mitatu. Nimeazima jembe kwa mlinzi nikachimba nikinyeshewa, nikapata nyungunyungu sita, wanene, wa rangi ya udongo. Nikawaosha, nikawakata, nikashika kipande kwa kile kibano Mama Nekesa hutengenezea nyusi. Hajui bado.

Smoki akaja. Akadaka. Nikangoja atikise kichwa, hakutikisa. Koo likapanda, likashuka. Amekula vipande vitatu, na mimi nimepiga magoti hapo sakafuni, mwanamume mzima, machozi yananitoka.

Chipo bado. Amekaribia, amenusa, amegeuka akaangalia ukuta. Nimemwachia kipande karibu na mdomo. Tangu nianze kuandika nimeenda kuangalia mara saba, na kipo pale pale.

Sijui kama atafika Ijumaa.

Na katikati ya kwenda na kurudi kinachonisumbua si Chipo peke yake. Ni ile "githeri haishuki." Sikumuuliza hata swali moja. Huyu ni mtoto ambaye hapa nyumbani hukwangua sufuria mpaka mama yake anamnyang'anya. Ni githeri yenyewe? Ni mtu anayeketi naye mezani? Au analia? Sijui, kwa sababu nilimpa jibu la baba yangu na nikaona nimelea.

Nekesa ndiye alinifungulia hii blogu, na kila akiishika simu huanza kusoma hapa. Nimefikiria kuyafuta haya yote. Nimeandika hata nyingine fupi, ya baridi na bei ya mbuzi tu. Hiyo ndiyo nimeifuta.

Basi, Nekesa. Jumapili nilikudanganya. Smoki amekula leo, Chipo bado, na kosa ni langu. Ijumaa nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe, simtumi mtu, na nitakupa simu usome haya. Nigombeze kwanza, ni haki yako, hata hapo hapo mbele ya watu. Ukimaliza, niambie hiyo githeri ina nini. Sitasema utazoea.